Riesener: Seremala wa mfalme aliyetumwa kung'oa nembo alizozipachika mwenyewe

MWAKA 1794, mzee mmoja aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 60 alipewa na serikali ya mapinduzi ya Ufaransa kibarua cha ajabu. Alitakiwa achukue zana zake, aziendee samani zilizotwaliwa kutoka kwa mfalme, na aondoe kila alama iliyomkumbusha mtu ufalme: taji, herufi za majina ya mfalme na malkia, na ua la yungiyungi lililokuwa nembo ya ukoo wao.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ajabu ni kwamba baadhi ya samani hizo alizitengeneza yeye. Alama alizotumwa kuziondoa zilikuwa zimetoka katika karakana yake mwenyewe, kwa amri ya serikali iliyotangulia, na kwa malipo ambayo maseremala wengi wa enzi zake waliyaota tu.

Mzee huyo ni Jean-Henri Riesener. Wajuzi wengi wa samani za kale humhesabu kuwa fundi mkubwa kuliko wote wa zama za Mfalme Louis wa 16, na makabati yake ya droo, yaliyopambwa kwa njumu za mbao na shaba iliyotiwa dhahabu, ni miongoni mwa vitu vya nyumbani vyenye thamani kubwa zaidi duniani.

Huku kwetu jina lake halijulikani sana, ila mtindo wa zama zake unajulikana bila jina. Ukipita kandokando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, pale ambapo Kibera iko upande mmoja na Kawangware upande wa pili, utawakuta maseremala wakipiga randa na msasa hadharani. Mteja huja na picha katika simu yake: kabati la droo lenye miguu ya madaha, maua yaliyochorwa kwa mbao, na vishikio vya rangi ya dhahabu. Fundi huitazama picha, hupiga hesabu ya mbao, gundi na rangi ya kupuliza, kisha hutaja bei. Kabati lile la pichani, ukilifuata nyuma hadi chimbuko lake, litakufikisha Paris ya karne ya 18.

Kijana mgeni mjini Paris

Riesener hakuwa Mfaransa. Alizaliwa Julai 4, 1734, katika mji mdogo wa Gladbeck, eneo la Westphalia, nchi ambayo leo ni Ujerumani. Alihamia Paris akiwa kijana, kama walivyofanya Wajerumani wengi waliojua kushika patasi. Mitaa ya mafundi wa Paris ilijaa wageni hao. Walizungumza Kifaransa cha kuvunjavunja, waliishi kwa kubanana, na walioana wao kwa wao. Anayezijua nyumba za kupanga za Kawangware, ambamo kijana aliyetoka mashambani hupokelewa na mtu wa kwao aliyetangulia mjini, hahitaji kuelezwa zaidi.

Katikati ya miaka ya 1750 alipata kazi katika karakana ya Jean-François Oeben, Mjerumani mwenzake, ambaye wakati huo alikuwa kipenzi cha Madame de Pompadour, hawara mashuhuri wa Mfalme Louis wa 15. Oeben alisifika kwa mambo mawili. La kwanza ni njumu zake za maua. La pili ni samani zenye mitambo ya siri: meza inayofunguka kwa kubonyeza kitufe, droo inayochomoza yenyewe, ufunguo mmoja unaofunga kila kitu.

Wasomaji wa pwani wanaijua njumu. Viti vya enzi vya Lamu, Pate na Siyu vilitiwa pembe za ndovu na mifupa ndani ya mbao nyeusi, na fundi wake alichimba mbao kwanza ndipo akapachika kipande. Njumu ya Paris ilikuwa tofauti kidogo. Fundi alipasua mbao za aina mbalimbali hadi zikawa nyembamba kama ganda, akazikata kwa msumeno mwembamba kufuata mchoro, akaziunganisha petali kwa petali na jani kwa jani hadi picha ikakamilika. Kisha akaigandisha picha nzima kwa gundi juu ya kabati, ambalo kiunzi chake kilikuwa cha mti wa mwaloni. Unachokiona kwa nje si mbao za kabati hata kidogo. Ni vazi lake.

Kutoka kwa Oeben kijana huyo alijifunza yote mawili, vazi na mtambo.

Mjane, mashindano na muhuri

Mnamo Januari 1763 Oeben alifariki dunia, akiacha madeni mengi na kazi nyingi zisizokwisha. Kubwa kuliko zote ilikuwa dawati la Mfalme Louis wa 15, lililoagizwa mwaka 1760 na ambalo hadi wakati huo halikuwa limefika hata nusu ya safari.

Sheria za chama cha mafundi wa Paris zilikuwa kali. Kijana wa kazi hakuruhusiwa kuuza kitu kwa jina lake. Ni fundi mkuu tu aliyekuwa na muhuri wa chuma, ambao aliugonga kwenye mbao kuthibitisha kwamba kazi ni yake. Hata hivyo sheria hizo zilimruhusu mjane wa fundi kuendelea na karakana ya marehemu na kutumia muhuri wake. Kwa miaka kadhaa, basi, samani zilizotoka mikononi mwa Riesener zilienda sokoni zikiwa na jina la maiti. Jambo hili limewasumbua wanahistoria hadi leo, maana kila kipande chenye muhuri wa Oeben cha miaka hiyo huzua swali la nani hasa alikifanya.

Mjane aliitwa Françoise-Marguerite Vandercruse, na yeye mwenyewe alitoka katika ukoo wa maseremala. Ndugu yake, Roger Vandercruse, alikuwa fundi mashuhuri. Alihitaji mtu wa kuisimamia karakana, na walikuwapo wawili waliostahili. Mmoja alikuwa Jean-François Leleu, Mfaransa aliyemzidi Riesener umri. Wa pili alikuwa Riesener. Mjane akamchagua mgeni. Leleu aliondoka kwa hasira, akafungua karakana yake, akawa naye fundi mwenye jina, lakini uhasama wa wawili hao ulijulikana mjini kote.

Mwaka 1767 Riesener alimwoa mjane huyo. Januari 1768 alipokewa rasmi kuwa fundi mkuu na kupata muhuri wake. Wapo watakaosema alioa karakana. Huenda, ingawa maisha ya mafundi ya wakati ule hayakutenganisha sana ndoa na riziki, na mjane mwenye watoto wadogo na wadai mlangoni naye alikuwa na hesabu zake. Miongoni mwa watoto aliowakuta humo ni binti aitwaye Victoire Oeben, ambaye baadaye angemzaa Eugène Delacroix, mmoja wa wachoraji wakuu wa Ufaransa wa karne ya 19. Delacroix, basi, alikuwa mjukuu wa Oeben kwa damu, na wa Riesener kwa malezi ya mama yake.

Dawati la mfalme lilikamilika mwaka 1769, miaka tisa baada ya kuagizwa. Ni kitu kikubwa, chenye kifuniko cha mviringo kinachorudi nyuma kama pazia, saa yenye nyuso mbili juu yake, vinara vya shaba pembeni, na njumu za maua na ala za sayansi kila upande, hata mgongoni. Ufunguo mmoja hufungua kifuniko na droo kwa mzunguko mmoja. Gharama yake ilipita livre 60,000.

Oeben ndiye aliyeanza kazi hiyo, na mafundi wengi walishiriki. Lakini ndani ya njumu, kwa vipande vya mbao, liliandikwa jina la mtu mmoja tu, Riesener, pamoja na mwaka 1769.

Dhahabu na moshi wake

Mfalme Louis wa 15 alifariki mwaka 1774 na mjukuu wake, Louis wa 16, akatawazwa. Mwaka huo huo Riesener aliteuliwa kuwa seremala wa kawaida wa mfalme. Neno hilo, kawaida, lisimdanganye msomaji. Lilimaanisha kwamba kila idara ya samani za kifalme ilipohitaji meza, dawati au kabati, yeye ndiye aliyeitwa kwanza.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya neema isiyo na mfano. Kati ya 1774 na 1784 karakana yake iliiuzia idara hiyo samani za zaidi ya livre 900,000. Kabati moja tu la droo, lile aliloleta mwaka 1775 kwa ajili ya chumba cha kulala cha mfalme huko Versailles, liligharimu zaidi ya livre 25,000. Kibarua wa Paris wakati huo alipata kati ya livre moja na mbili kwa siku. Angefanya kazi zaidi ya miaka 40, bila kula wala kulipa kodi, ndipo afikie bei ya kabati hilo.

Wafaransa waliliita kabati la namna hii komodi, kwa maana ya kitu chenye kufaa na kurahisisha mambo. Kabla yake watu waliweka nguo katika masanduku, na aliyetaka shati la chini alilazimika kufukua yote yaliyo juu. Droo ziliondoa adha hiyo. Ila ni dhahiri kwamba kabati la livre 25,000 halikununuliwa kwa sababu ya mashati.

Lilinunuliwa kwa ajili ya vazi lake, njumu na shaba. Na hapa inafaa tukae kidogo, maana watu huitazama dhahabu ile bila kujua ilivyofika pale.

Mapambo ya shaba ya kabati la Riesener, yaani mashada ya maua, majani, vishikio na fremu, yalianza kama kielelezo cha nta au mbao. Kielelezo kilizungushiwa mchanga kufanya kalibu, kisha shaba iliyoyeyuka ikamiminwa ndani. Kazi hii haipaswi kuwashangaza wakazi wa Kibera. Katika vichochoro vya mtaa huo wapo mafundi wanaoyeyusha vitasa vilivyovunjika na mifereji mikuukuu ya maji, wakaimimina shaba yake katika kalibu za mchanga na kupata bangili, vipuli na mikufu ambayo huuzwa hadi Ulaya. Kanuni ni ile ile. Tofauti iko katika saa zilizofuata. Fundi wa Paris alikikalia kipande kimoja kwa siku nyingi, akikikwaruza kwa vipatasi vidogo hadi kila mshipa wa jani ukaonekana.

Baada ya hapo ikaja dhahabu. Dhahabu halisi ilisagwa na kuchanganywa na zebaki hadi ikawa kama siagi, ikapakwa juu ya shaba, kisha shaba ikawekwa juu ya moto wa makaa. Zebaki iliruka kama moshi na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania. Moshi huo ulikuwa sumu. Mafundi wa kutia dhahabu walitetemeka mikono, waling'oka meno, wakapoteza akili, na wengi walikufa kabla ya uzee. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori, ambao hutumia zebaki kuikusanya dhahabu na kuiunguza kwenye moto wa wazi, wanaujua moshi huo huo.

Majina ya wafanyakazi hao hayamo kwenye muhuri wa kabati. Riesener aliwaajiri au aliwapa kandarasi, akapokea sifa, na ndivyo biashara ilivyokwenda.

Fedha ya mfalme nayo ilikuwa na chimbuko lake. Sehemu ilitokana na kodi za wakulima wa Ufaransa. Sehemu ilitokana na makoloni ya sukari na kahawa, yaliyoendeshwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1776, wakati Riesener alipokuwa kileleni, Mfaransa mmoja aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa katika visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi. Hakuna anayeweza kusema kwamba faida ya Kilwa ilinunua droo fulani ya Versailles, na mwandishi huyu hasemi hivyo. Lakini mkataba wa Kilwa na kabati la mfalme ni vitu vya utawala mmoja na muongo mmoja.

Sura yake katika picha

Ipo picha ya Riesener iliyochorwa na Antoine Vestier mwaka 1786. Ameketi kando ya meza aliyoitengeneza mwenyewe, kalamu mkononi, amevaa koti la kifahari na nywele za bandia zilizopakwa poda. Hakuna randa, hakuna vumbi la mbao. Ukiambiwa ni waziri utakubali. Seremala aliyeingia Paris bila kitu alitaka kizazi kijacho kimwone hivyo.

Kinachosikitisha ni kwamba picha hiyo ilipochorwa, jua lake lilikuwa limeanza kuinama. Mwaka 1784 idara ya samani za kifalme ilipata mkuu mpya, Thierry de Ville d'Avray, aliyetumwa kupunguza gharama. Hazina ilikuwa tupu. Ufaransa ilikuwa imejitosa katika vita vya uhuru wa Marekani na kukopa kupita kiasi. Mkuu huyo alizitazama hati za madai za Riesener akaona ni za kupindukia. Kazi nyingi zikapewa mafundi wengine, hasa Mjerumani mwingine aitwaye Guillaume Benneman, ambaye bei zake zilikuwa nafuu.

Je, Riesener alikuwa akiwapunja? Swali hili ni la haki, na jibu si jepesi. Hakuwa mtu wa kupunguza bei, na alimjua mteja wake kuwa hana mazoea ya kuuliza. Hata hivyo yeyote aliyewahi kupinduapindua kabati lake anakiri kwamba hakuna pembe aliyoitupa. Sehemu zisizoonekana zimefanywa kwa uangalifu karibu sawa na zile za mbele. Kazi ya namna hiyo hula muda, na muda wa mafundi wengi waliobobea haukuwa bure hata kwa ujira wa karne ya 18. Kosa lake, kama lilikuwapo, ni kuijenga karakana nzima juu ya mfuko mmoja.

Aliyebaki upande wake ni Malkia Marie-Antoinette. Huyu hakujali sana hesabu za Thierry. Aliendelea kumwagiza Riesener makabati na madawati kwa ajili ya vyumba vyake vya faragha, na ni kwake fundi huyo alifanya baadhi ya kazi zake nzuri kupita zote. Mwaka 1783 alimtengenezea kabati la droo na dawati la wima, vyote vimevikwa vipande vyeusi vya kazi ya rangi ya Kijapani na mashada ya maua ya shaba yaliyotiwa dhahabu, laini kiasi kwamba mtu hudhani yatanyauka. Vitu hivyo viwili viko leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mke wake wa kwanza alikuwa ameshafariki, na ndoa aliyofunga baadaye haikuwa na amani, ikaishia katika talaka baada ya mapinduzi kuiruhusu.

Mnada wa Versailles

Mapinduzi yalipoanza mwaka 1789, wateja wa Riesener walianza kutoroka nchi mmoja baada ya mwingine. Wengine hawakuwahi kutoroka. Mwaka 1791 vyama vya mafundi, pamoja na mihuri yake, vilifutwa. Januari 21, 1793, mfalme alikatwa kichwa. Oktoba 16 mwaka huo, malkia naye akafuata.

Kati ya matukio hayo mawili, mwezi Agosti, serikali ilifungua mnada wa samani za jumba la Versailles. Mnada huo uliendelea kwa takriban mwaka mzima, na mafungu zaidi ya 17,000 yaliuzwa: vitanda, vioo, mazulia, sufuria za jikoni, na makabati ya droo. Serikali ilihitaji fedha za vita. Wanunuzi wengi walikuwa wachuuzi wa samani kuukuu, waliojua kwamba muuzaji ana haraka.

Riesener alikwenda kununua. Alizinunua tena baadhi ya samani alizozitengeneza, kwa bei ambayo ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile aliyolipwa hapo kwanza. Kwa macho ya mfanyabiashara ilikuwa nafasi ya dhahabu. Aliijua thamani ya kila kipande kuliko mtu yeyote pale, na aliamini kwamba vurugu zitapita, matajiri watarudi, na bei zitapanda.

Vurugu zilipita lakini wateja wake hawakurudi. Matajiri wapya walioibuka walitaka mambo mapya: mbao za mkangazi zisizo na maua, mistari iliyonyooka, mapambo ya Kirumi na Kimisri. Njumu za maua zilinuka ufalme. Samani alizozirundika hazikupata mnunuzi wa maana, na fedha aliyoizika humo haikutoka.

Ni katika hali hiyo ndipo alipopewa kibarua cha mwaka 1794 cha kuondoa nembo. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini alikubali. Kwanza, huo haukuwa wakati wa kuikatalia serikali; waliokataa mambo madogo kuliko hayo walipandishwa mkokoteni wa kwenda kwenye mashine ya kukatia vichwa. Pili, alihitaji ujira. Na huenda ipo sababu ya tatu, ambayo yeyote anayependa kazi ya mikono ataielewa. Nembo zisipotolewa na mtu ajuaye zimefungwaje, atakuja askari na shoka. Dawati la Mfalme Louis wa 15 lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyofanyiwa marekebisho hayo. Alama za mfalme zikaondoka, vibao vya kauri vikawekwa mahali pake, na dawati likasalimika.

Mwaka 1801 Riesener aliacha kazi. Alifariki dunia mjini Paris Januari 6, 1806, akiwa na umri wa miaka 71, bila utajiri aliokuwa nao wakati Vestier alipomchora. Mwanawe, Henri-François, hakurithi karakana. Alikuwa mchoraji wa picha za watu, naye mjukuu wake, Léon, akawa mchoraji vilevile.

Bei baada ya mauti

Miaka mitano baada ya kifo chake, mwaka 1811, Mfalme Napoleon alipelekewa ombi la kununua kabati kubwa la vito ambalo Riesener alimtengenezea shemeji wa Marie-Antoinette. Napoleon alikataa. Alitaka kutengenezesha vipya, si kununua vikuukuu. Kabati hilo likaja kununuliwa mwaka 1825 na Mfalme George wa Nne wa Uingereza, na liko katika mkusanyo wa kifalme wa nchi hiyo hadi leo.

Waingereza ndio waliofaidi zaidi. Mabwana wenye mashamba na migodi walinunua samani za Versailles wakati Wafaransa wenyewe walizipuuza, wakazijaza katika majumba yao. Mwaka 1882 mali ya jumba la Hamilton huko Scotland ilipopigwa mnada mjini London, lile kabati jeusi la Marie-Antoinette na dawati lake viliuzwa kwa zaidi ya pauni 9,000 kila kimoja, kiasi kilichowaacha watu vinywa wazi. Kutoka hapo vilivuka bahari hadi kwa tajiri wa reli wa Marekani, William K. Vanderbilt, aliyeviachia jumba la makumbusho mwaka 1920. Kabati la chumba cha kulala cha mfalme, lile la livre 25,000, liko Chantilly, kaskazini mwa Paris.

Jambo moja huwapotosha wengi wanaoziona samani hizi, na hata mafundi wa Barabara ya Ngong wanaoziiga kutoka kwa picha. Huziona za rangi ya kahawia na asali, wakadhani zilikuwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Riesener alitumia mbao za zambarau kutoka Amerika Kusini, mbao za rangi ya waridi, na mbao nyeupe alizozitia rangi ya kijani, buluu na nyekundu. Kabati lake lilipotoka karakana liling'aa kama kanga mpya. Jua la madirishani, kwa zaidi ya miaka 200, limezinywa rangi zote. Watafiti wa Wallace Collection, Waddesdon Manor na mkusanyo wa kifalme wa Uingereza, walioungana kuchunguza kazi zake na kuchapisha matokeo mwaka 2020, walizitafuta rangi za asili ndani ya mbao, mahali ambapo mwanga haukufika, kisha wakaonyesha kwa kompyuta jinsi makabati hayo yalivyoonekana siku yalipokabidhiwa. Aliyezoea kahawia hushtuka.

Rangi ya dhahabu haikubadilika. Ile iliyogharimu mapafu ya watu ndiyo iliyodumu.

Dawati la Mfalme Louis wa 15 lilikaa kwa muda mrefu katika jumba la Louvre, ndipo likarudishwa Versailles mwaka 1957, katika chumba kile kile lilikotengenezewa. Vibao vya kauri vya wakati wa mapinduzi bado vipo, mahali palipokuwa na alama za mfalme. Jina la Riesener, lililokatwa kwa vipande vya mbao mwaka 1769, halikuguswa. Amri ya 1794 ilitaja nembo za wafalme tu.